Nilivyompunguzia baba dawa za tumbo na mkojo

Baba yangu, mkazi wa Tukuyu mwenye umri wa miaka 79, alikuwa akinunua dawa katika maduka tofauti ya dawa muhimu, na hakuna muuzaji aliyejua mwenzake ametoa nini. Alitumia omeprazoli kwa kiungulia, metoklopramidi kwa kichefuchefu na haiosini kwa tumbo la kusokota. Mkojo ulipoanza kutoka kwa shida, akataka kuongeza dawa ya kibofu.

Nilimsihi asubiri. Katika daftari niliandika kila dawa, ilianza lini, nani aliishauri, na kama tatizo lake bado lipo. Kuhusu haiosini, hapakuwa na jibu la swali hilo la mwisho. Tukazipeleka dawa zote, zikiwa katika pakiti zake, kwa daktari mjini Mbeya.

Daktari alianza na hiyo hiyo haiosini: hulegeza misuli ya utumbo, lakini hulegeza pia ya kibofu, hivyo kwa mzee ambaye tezi dume yake imevimba mkojo unaweza kukwama kabisa, mbali na choo kigumu, kinywa kukauka na akili kuchanganyikiwa. Akaisimamisha. Metoklopramidi nayo ikaondolewa, kwa sababu huweza kuleta mitetemeko inayofanana na ugonjwa wa Parkinson; vigezo vya Beers, yaani orodha ya dawa zinazoweza kuwadhuru wazee, vilivyoanzishwa Marekani mwaka 1991 na kuhuishwa mwaka 2023, vinashauri wazee waiepuke isipokuwa kwa tumbo linalochelewa kumwaga chakula. Omeprazoli haikukatwa ghafla, maana asidi ingerudi kwa nguvu, bali ilipunguzwa taratibu. Vigezo hivyo havipendekezi izidi wiki 8 bila sababu maalumu, na kama baba angekuwa anameza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuleta vidonda vya tumbo, kila siku kwa ajili ya magoti, pengine angeachwa nayo.

Kazi ngumu ilikuwa chai. Baba huinywa hadi usiku, kisha huamka mara kwa mara kukojoa.

“Mwanangu, baridi hii ya Rungwe niishinde kwa blanketi tupu?” alilalamika.

Daktari hakutaka kumpa desmopresini, dawa ya kupunguza mkojo wa usiku, kwa kuwa huweza kushusha chumvi ya sodiamu katika damu ya mzee. Tulikubaliana kikombe cha mwisho kiwe cha alasiri. Choo kililainika kwa maharage, parachichi na maji ya mchana.

Amebaki na tamsulosini, dawa aliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya tezi dume, ambayo humlazimu kuinuka kitandani polepole asipate kizunguzungu. Anayetumwa dukani hubeba daftari, na muuzaji hulisoma kwanza.