Vile mi hupima kama mhusika amezidi uzuri

Binti ya mamangu mdogo ameandika riwaya, bado ni mswada, na alivyoniletea aliniuliza swali moja tu, dada hebu soma uniambie kama Zawadi amezidi. Aliniuliza mimi kwa sababu mi hupitia skripti za michezo ya redio hapa Nairobi, na kwa familia ishaamuliwa ati mimi ndio fundi wa stori. Sasa huyo Zawadi ndiye staringi. Ana miaka 26, ni wakili, anaongea Kifaransa na Kichina, pilau yake imefanya mama mkwe aliyetoka Mombasa aombe kufunzwa, na kwa sura ya pili anaingia kwa moto wa soko la Gikomba anatoka na mtoto wa wenyewe na wigi haijaungua hata kidogo. Ubaya wake? Anapenda watu kupita kiasi.

Ningemwambia tu "amezidi" niendelee na shughuli zangu, lakini nishaona hilo neno halimsaidii mwandishi, ataenda atoe Kichina aache Kifaransa na shida ibaki palepale.

Kwanza nikajaribu zile orodha za maswali zinazozunguka intaneti, unajibu halafu unahesabu pointi, je mhusika wako ana macho ya rangi ya ajabu, je kila mwanaume anamtaka, je kila kitu akigusa anakijua, pointi zikizidi unaambiwa huyo ni Mary Sue, yaani mhusika amekamilika hadi haaminiki. Hilo jina lilianzia Marekani mwaka wa 1973, Paula Smith aliandika kichekesho kifupi kwa kijarida cha mashabiki wa Star Trek, ile ya TV ya chombo cha angani, akichekelea stori walizokuwa wanaandika mashabiki wenyewe. Mary Sue wake ni luteni mdogo kuliko wote, miaka 15 na nusu, nahodha anamtaka, anaachiwa chombo kizima asimamie, halafu anakufa na wakubwa wote wamemzunguka wakilia bila aibu, hadi siku yake ya kuzaliwa inageuzwa sikukuu. Ukisoma unacheka peke yako. Zawadi kwa hiyo orodha alipata pointi za kutisha.

Lakini kabla sijampelekea majibu nikasema wacha nipitishe Fumo Liyongo hapo, yule shujaa wa tenzi za pwani. Wololo! Jitu la kutisha, mshale wake haukosi, mashairi anatunga, mfalme mwenyewe halali kwa kumwogopa. Nikaweka Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo, mwili wa jiwe, mikuki inagonga inarudi. Hao wote wawili wakafeli vibaya kuliko Zawadi, na ni watu wamesimuliwa miaka na mikaka na hakuna mtu amewachoka. Hapo nikajua hizo orodha zinahesabu sifa tu, na sifa peke yake haijawahi kuua stori.

Hebu mwangalie Liyongo akiwa kifungoni. Na nguvu zote hizo amefungwa, mjakazi anaitwa Saada anamletea chakula na kile kizuri walinzi wanakula wao, inabidi amtume Saada kwa mama yake kwa mafumbo ya wimbo, mama apike mkate wa wishwa atie tupa ndani, mkate mbaya makusudi ndio walinzi waukatae wamwachie yeye, halafu inabidi ipigwe ngoma ya gungu kwa makelele ndio asisikike akikata minyororo. Toa mama, toa Saada, toa wapiga ngoma, Liyongo hana lake. Halafu mwanawe wa kumzaa anakuja kumuuliza ni kitu gani kinaweza kumuua, na mzee anajua kabisa huyu mtoto ametumwa, na bado anamwambia, sindano ya shaba, kitovuni. Magere naye vilevile, aliumwa akamwambia mkewe, mwanamke wa upande wa maadui, amchanje kwa kivuli, na siri ikafika kwao. Hawa watu wana nguvu lakini wanahitaji wengine, na hao wengine wana mambo yao, wengine wana njaa yao, wengine wana bei yao.

Basi nikarudi kwa mswada na kalamu ya kupaka rangi ya njano, nikaanza kupaka kila mahali mtu yeyote anaongea ama anafanya kitu kisichomhusu Zawadi. Kurasa zikakaa nyeupe hivyo. Rafiki yake Njeri anapiga simu kuuliza Zawadi anaendeleaje. Bosi anamchukia kwa sababu ni mwivu, basi, hana sababu nyingine. Mlinzi wa geti, mtu ambaye angekuwa na stori zake za mshahara kuchelewa na bibi ako Kakamega, anaongea mara moja tu, anasema "madam leo umependeza". Kuna ukurasa mmoja niliofanikiwa kupaka njano, mama mboga akigombana na kanjo, hao askari wa jiji, juu ya mahali pa kuweka meza, mistari michache tu, na kusema ukweli hiyo ndio ilikuwa sehemu tamu zaidi ya kitabu.

Halafu kuna ile ya matatu, hiyo ndio nilimwita tukae chini tuipitie pamoja. Jogoo Road, jioni, mvua, kondakta amepandisha nauli vile hufanya mvua ikinyesha. Zawadi anasimama anatoa hotuba kuhusu haki ya mwananchi, abiria wanapiga makofi, kondakta anatokwa na machozi anarudishia kila mtu pesa yake. Nikamuuliza, we hupanda matatu gani?

Akacheka. Akasema lakini dada nilitaka aonekane jasiri.

Nikamwambia ujasiri anao, wacha asimame, wacha atoe hotuba yake, sasa mwache kondakta pia awe mtu. Huyo kondakta ana hesabu ya mwenye gari inamngoja, ana askari mbele wanataka chao, atamwambia Zawadi madam kama ni bei shuka utembee. Na yule mama wa nyuma ana mtoto peke yake nyumba, atamwambia msichana keti tuende, hizo sheria zako zitatufikisha usiku. Na huyo mama ako sawa! Hapo ndio nilitaka afike, kwamba kuwe na mtu anampinga Zawadi na huyo mtu ana haki, na Zawadi ashindwe kumjibu. Kama kila anayempinga ni mjinga ama mwivu ama atapiga magoti sura ya mwisho, basi hata umpe kiguu na kigugumizi bado amezidi.

Alienda akaandika upya akarudi na Zawadi mwenye kasoro, sasa ana hasira za karibu. Anawakia watu. Lakini nikitafuta hizo hasira zimemgharimu nini sioni, anamfokea Njeri na Njeri anamwambia najua ni stresi tu, ukurasa unaofuata wako Java wanakunywa kahawa. Hiyo ni kasoro ya kubandika kama stika ya bima kwa kioo cha gari, gari inaenda vilevile. Nikamuuliza Njeri akikataa kushika simu itakuwaje? Akanyamaza kidogo akasema itabidi Zawadi akose mahali pa kulala ile usiku ya sura ya tisa, na kama hana mahali pa kulala basi hawezi kufika kortini asubuhi na faili, na hiyo kesi ataipoteza... nikaona macho yamefunguka, akaanza kuandika nyuma ya risiti ya soko.

Sio kila kitabu napima hivi lakini, nisieleweke vibaya. Shaaban Robert ukienda kumwambia Adili wa Adili na Nduguze amezidi uadilifu utakuwa unampigia mbuzi gitaa, jina lenyewe ni Adili, ndugu zake ni Hasidi na Mwivu, mwandishi amekuambia kutoka mlangoni kwamba hawa ni mifano. Ukisoma Kusadikika, kitabu chake kingine, unaona Karama anashtakiwa na Majivuno na unajua uko wapi. Shuleni tulifunzwa wahusika bapa, wenye sifa moja wasiobadilika, na wahusika duara, wenye pande nyingi, hadi nikadhani bapa ni tusi, kumbe inategemea kitabu kimeahidi nini. Zawadi ameahidi Jogoo Road na nauli ya mvua, sasa hawezi kuleta mambo ya peponi.

Na kitu kingine kinaniudhi, hii lawama ya "amezidi" hurushiwa wahusika wa kike haraka sana. Zile muvi tulikuwa tunaangalia kwa vibanda, DJ Afro akizisimulia kwa Kiswahili, mwanaume mmoja anamaliza jeshi nzima na shati imefunguliwa vifungo, hakuna mtu aliuliza alijifunzia wapi, tulisema tu staringi hafi tukaagiza chai nyingine. Kwa hivyo siku hizi nikiona mhusika ni mwanamke na ananikera, hubadilisha jina nimuite Otieno, jina la kiume, nisome hiyo sehemu tena. Nikiona Otieno hanikeri, shida ni mimi. Zawadi nilimjaribu hivyo, Otieno kwa ile matatu alinikera hata zaidi.

Sahii mswada umebadilika sana, Kichina kimebaki maana nimemwambia akiache, kuna mtu wa ujenzi wa barabara anamdanganya kwa hicho Kichina chake cha kuokoteza na inamuingiza kwa mashida. Pilau imetoka. Mama mboga ameongezewa sura nzima.

Na juzi rafiki yake wa Githurai amesikia nasoma za watu, akaniletea yake, staringi ni dereva wa matatu anayefuata sheria zote za barabara. Hiyo sikuipima.