Kauntabuku la wachelewaji

Jumapili usiku, Tanga

Jana mvua imevujisha stoo, ikabidi nitoe makaratasi yote uani kuyaanika. Chini ya sanduku la marehemu baba nikakuta kauntabuku la kwaya tatu. Jalada limeliwa na mende, lakini mwandiko wangu wa kujidai bado unasomeka: WACHELEWAJI 2004. Nilikuwa kidato cha tatu, kiranja wa zamu, na nafsini mwangu nilikuwa nusu mwalimu.

Nimelisoma lote nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, jua likinichoma kisogo. Tarehe, jina, kidato, dakika alizochelewa, adhabu. Kudeki vyoo. Kufyeka. Kumwagilia miche. Kuna mmoja alikuwa akitoka Pongwe kwa baiskeli, anashindana na malori barabara nzima, anafika geti lishafungwa. Jina lake nimelihesabu mara 23 katika muhula mmoja. Halafu nikaanza kuwatafuta watu wangu, wale watatu tuliokaa nao dawati moja. Hawamo. Hata mara moja! Na walikuwa wakichelewa, nakumbuka vizuri, maana mihogo ya kukaanga tukila wote nje ya geti, kisha wao wanapita nyuma ya mgongo wangu wakicheka chini chini, mimi nimekaza macho kwa yule wa Pongwe anayehema.

Yeye sasa ni fundi baiskeli Ngamiani. Kila nikipita ananipigia kelele, "Kiranja!" Ananijazia upepo na hela hataki. Miaka yote nilidhani ni utani wa shule.

Sisi watu wa Tanga tunajisifu kwamba Wajerumani walianzisha shule ya serikali hapa tangu 1892. Tusichosema sana ni kwamba walitaka makarani na maakida, watu wa kuandika majina ya wenzao na kuyapeleka juu. Nikiwa pale getini na kalamu yangu sikuwa mbali sana na akida.

Lakini sitaki nionekane nawabeza viranja. Walimu walikuwa wachache, sisi mamia. Nani angepiga kengele ya prepu? Nani angejua kwamba mtoto wa kidato cha kwanza amelala bwenini na homa tangu asubuhi? Monita, kiranja wa afya, kaka mkuu na dada mkuu ndio walioifanya siku iende. Bila wao hata foleni ya makande ingekuwa vita.

Na aliyenifundisha kazi hiyo ni kiranja wetu wa chakula, binti mwembamba, sauti hana. Muhula ule maharage yalikuwa yamebunguliwa hasa, ukichota kijiko unaona wadudu wanaelea. Bweni la wavulana walishaanza kunong'ona habari za mgomo, na wengine walishachagua usiku wenyewe. Mimi nilizisikia. Nilichofanya ni kuandika majina ya wanong'onaji. Yeye alichota bakuli moja, akavuka uwanja mchana kweupe kila mtu anamwona, akaenda kuliweka juu ya meza ya mkuu wa shule. "Shikamoo mwalimu. Hiki ndicho tunachokula." Basi. Wiki ile ile maharage yakabadilishwa, minong'ono ikafa yenyewe. Tulikuwa tukiitwa wanoko, yeye na mimi kwa pamoja, nami nikadhani tunafanya kazi moja.

Kuna la fimbo pia. Kanuni za viboko za mwaka 2002 ziko wazi: anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kiranja hatajwi popote. Kwetu viranja wa bweni walilalia fimbo za mpera chini ya magodoro, na walimu walijua, wakanyamaza kwa sababu bweni lilikuwa kimya. Kimya kile ndicho kilichoitwa nidhamu nzuri siku za wageni. Mimi sikumchapa mtu, na nimejifariji kwa hilo miaka ishirini. Lakini majina yaliyosomwa mstarini asubuhi yalitoka wapi kama si humu?

Nafikiri kosa lilianza siku tulipochaguliwa. Tulipiga kampeni, tukapigiwa kura, walimu wakachuja, tukaapishwa mbele ya wenzetu. Hakuna aliyetuambia kwamba wenzetu nao wana la kusema na sisi ndio wa kulibeba. Baraza la wanafunzi liliitishwa mara moja mwaka mzima, likazungumza urefu wa sketi.

Nayaandika haya kwa sababu mpwa wangu, yuko kidato cha pili, kachaguliwa monita. Jioni hii kaja na karatasi ya wapiga kelele, anatakiwa kuikabidhi kesho kwa mwalimu wa zamu.

"Mjomba, shoga yangu naye alipiga kelele. Nikimwandika atanuna. Nisipomwandika, darasa zima litaniona mpendeleaji. Nifanyeje?"

Sikuwa na jibu la kumpa nikajiamini. Nikampa kauntabuku. Akalifungua pale pale mkekani, akawa anashuka na kidole ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikihesabu. Chai yake ikapoa. Mwisho akauliza, bila ubaya wowote:

"Hivi marafiki zako ni wepi humu?"

Nikamwambia hawamo.

"Hawakuchelewa?"

"Walichelewa."

Akanitazama kidogo, akafunga kauntabuku, akaikunja ile karatasi yake mara nne na kuitia kwenye mkoba wa shule. Sijamuuliza ameamua nini.