Lebo ya ubuyu na rangi zangu za kuwaka

Nikiwa field ya ubunifu wa michoro (graphic design), kwenye ofisi ya kwanza kunipokea, niliambiwa kwamba rangi nyingi ni ushamba. "Weka nyeupe, weka kijivu, kazi itaonekana ya kimataifa." Nilitii karibu mwaka mzima, na kila nilichotengeneza kilifanana na bahasha ya benki. Mimi nimekulia Magomeni, kwenye nyumba ambayo mapazia, vitambaa vya makochi na khanga za mama vyote viliwaka kwa pamoja, na sikumsikia mgeni hata mmoja akilalamika macho. Leo nakula kwa rangi kali. Naeleza nilivyofika kwa sababu vijana bado wanapewa ushauri uleule, na unaniudhi.

Kazi iliyonifungua macho ni lebo ya ubuyu wa shangazi yangu. Ni ule ubuyu mwekundu wa Kizanzibari, wenye iliki na pilipili, anaufunga kwenye vifuko vinavyoonyesha ndani. Nilichora mbuyu na ndege wawili, nikajaza kijani cha kung'aa, nyekundu na bluu iliyokolea. Kwenye kompyuta ilipendeza sana. Nikampelekea fundi wa Kariakoo achape stika kama mia tano, elfu themanini na kitu, bila kujaribu hata moja.

Nilipofungua boksi niliishiwa nguvu. Kijani kimekuwa kama kisamvu kilicholala, bluu imegeuka zambarau, maandishi meusi yana ukungu pembeni. Na nyekundu yangu, ukiibandika kwenye kifuko, imemezwa na ubuyu wenyewe, ndege hawaonekani. Nikarudi kulalamika. Fundi akanijibu kwa upole: "Dada, mashine ina wino wa rangi nne tu. Hicho kijani chako hakimo." Shangazi alizibandika zote bila kusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko angenigombeza.

Fundi alikuwa na haki. Kioo cha kompyuta kinaunda rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Mashine inachanganya wino: samawati, majenta (pinki iliyokolea), njano na nyeusi. Ziko rangi za mwanga ambazo wino huo hauzifikii, hata ukilipa mara mbili. Bluu yangu iligeuka zambarau kwa sababu majenta ilikaribia kulingana na samawati. Sasa naacha samawati asilimia 100 na majenta haivuki 60. Na maandishi madogo meusi nayaweka kwa wino mweusi peke yake, maana zikipandana wino nne na mashine ikayumba kidogo tu, herufi zinaota ukungu.

Dawa ya mpangilio niliipata kwenye kabati la mama. Nilitandaza khanga zake sakafuni, nikakaa nazo mchana mzima. Ile iliyoandikwa "Wema hauozi" niliiona tangu utotoni kama ina rangi kumi. Nikahesabu: nyekundu, njano, nyeusi, na weupe wa kitambaa. Basi! Wingi ule unatokana na zilivyopangwa: pindo limebeba rangi nzito kuzunguka, mji, ule uwanja wa katikati, umepumua, na mstari mweusi mnene unasimama kati ya rangi na rangi. Mstari ule unafanya njano iwake zaidi, na rangi zikikosana kidogo wakati wa kuchapa, weusi unafunika mwanya. Nikajiwekea sheria: rangi tatu, nyeusi, na nyeupe ya karatasi. Lebo ikapata pindo na mji, jina la ubuyu likakaa pale panapokaa jina la khanga.

Lakini ninachojivunia zaidi ni karatasi yangu ya viraka. Nilitengeneza viraka vidogo mia na ushee, kila kimoja kimeandikwa asilimia za wino wake, nikamwomba fundi yuleyule avichape kwa mashine ileile, kwenye stika ileile. Alinitoza kama elfu tano. Tangu siku hiyo sichagui rangi kwenye kioo. Nakata kiraka, nakiweka juu ya kifuko cha ubuyu halisi, natoka nacho mlangoni kwenye jua, kisha naandika namba zake kwenye kompyuta. Chungwa niliyoipata hivyo, majenta 60 na njano 100, haijaniangusha mpaka leo. Usiazime karatasi ya mwenzako, mashine nyingine itakupa rangi nyingine. Kabla ya kuchapa naipiga picha lebo kwa simu na kuitoa rangi: ndege wakizama kwenye kijivu, najua rangi zimelingana kwa giza na mwanga, nabadilisha moja.

Lebo ya pili ilitoka na samawati nzito, njano na chungwa, nyekundu tukaiachia ubuyu. Shangazi alikishika kifuko, akakigeuza, akaniuliza, "Mwanangu, huu si mpangilio wa khanga ya mama yako?" Nikamwambia ndio wenyewe, nimebadilisha rangi tu.

Sasa anataka lebo ya achari ya embe. Nimemwomba chupa moja, iko mezani hapa. Njano yake imeelekea kwenye kahawia ya mafuta, kwa hiyo chungwa yangu pendwa haitafaa. Nimeshatoa kabatini khanga ya damu ya mzee, naanza nayo kesho jua likiwa zuri.