Skrubu ya koki iliyolika kichwa

Bisibisi ikishateleza mara mbili kwenye skrubu ya mpini wa koki, acha kuzungusha. Kila unapolazimisha, nyota ya kichwani inazidi kusagika.

Funga maji na uzibe tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu hizi hupenda kutumbukia humo. Chokonoa kichwa kwa sindano nene. Mara nyingi nyota bado ipo, ila bisibisi imekaa juu ya uchafu. Tumia bisibisi ya nyota ya saizi PH2 (namba 2) ambayo ncha yake ni nzima. Ya PH1, ndogo zaidi, huingia kirahisi, lakini inacheza ndani na ndiyo inayoharibu vichwa vingi.

Skrubu ya chuma ndani ya shaba, penye unyevu, hushika kutu upesi. Dondosha mafuta ya kulegeza kutu, usubiri dakika 20 hadi 30. Ukiona ukoko mweupe wa chokaa, siki ya uvuguvugu hufaa zaidi, ila isikae usiku kucha, itafubaza mng'aro wa koki. Kisha simamisha bisibisi wima, igonge kwa nyundo mara chache, ikandamize kwa nguvu na uizungushe taratibu kuelekea kushoto. Mkono wa pili ushike mpini usizunguke, la sivyo nguvu yote itaishia kwenye valvu. Ule ujanja wa kuweka rababendi chini ya ncha husaidia skrubu iliyolegea tu; iliyoganda huichana.

Ikigoma, toboa kichwa. Weka alama katikati kwa ponchi (chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo), anza na biti ya milimita 2.5, halafu, kwa skrubu ya M4 (unene wa milimita 4), ingiza ya milimita 4.5. Drili iende polepole, na mafuta kidogo. Kichwa kikikatika, mpini utachomoka na shina litabaki limejitokeza. Libane kwa plaizi ya kujifunga, lizungushe kushoto. Biti maalumu za kung'olea skrubu siziamini kwa M4: ni nyembamba, ngumu lakini rahisi kuvunjika, na ikivunjikia ndani, biti ya kawaida haiitoboi.

Usitumie moto: oringi (mipira ya duara inayozuia maji kuvuja) na plastiki vitaharibika kabla skrubu haijalegea.

Rudisha skrubu ya chuma cha pua, uipake grisi ya silikoni kidogo, na uikaze mpaka mpini uache kucheza, basi.