Injini ya Noah, kutoka Nyakato hadi Mbeya

Injini ya kwanza niliyotuma mkoani niliizungushia magunia, nikaikaza kwa kamba ya manila, nikaipandisha basi pale stendi ya Nyegezi, Mwanza. Kesho yake konda ananipigia anafoka: oili imemwagika kwenye buti, imelowesha magunia matatu ya mchele wa watu. Mchele nikalipa. Mteja naye akapokea injini iliyopasuka sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, maana njia nzima uzito wote ulikuwa umekalia hapo.

Kwa hiyo kaka mmoja wa Mbeya alipotaka injini ya 3S ya Toyota Noah na giaboksi yake ya otomatiki, sikukimbilia stendi. Nilimwaga oili, nikaiacha injini inaning'inia kwenye mnyororo usiku kucha, beseni chini. Asubuhi nikakuta imechuruzika karibu kikombe kizima. Kikombe hicho ndicho kinachotugombanisha na makonda.

Matundu niliziba kwa matambara mekundu, kila moja nikaliachia mkia mrefu nje. Kuna fundi aliwahi kusahau tambara langu ndani ya manifodi, yale mabomba ya kupitishia hewa ya injini, lawama zikanirudia mimi. Altaneta na sensa nikazifungua, nikazitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Giaboksi nikaitenganisha, na konveta yake, lile duara zito linalokaa kati yake na injini, nikaizuia kwa waya isije ikachomoka njiani na kuua sili inayozuia oili.

Kilichonila siku ni fremu. Seremala wa jirani alishaanza kupima sanduku, zuri kama jeneza. Nikamwambia, "Fundi, mimi sitaki sanduku, nataka kiti." Tukakata mbao za mbili kwa nne, tukatoboa palepale injini inapofungiwa kwenye gari, tukakaza kwa boliti. Ikakaa imebebwa mabegani. Chini ya sampo mkono wangu ulipita bila kugusa. Juu nikafunga mipira ya tyubu kuukuu iliyokatwa vipande. Manila hulegea gari likitikisika, tyubu inazidi kuvuta. Pembeni tukaacha nafasi ya kupitisha mabomba mawili, makuli wanne wakaibeba kama machela, hakuna aliyelalamika mgongo.

Nilipiga picha namba ya injini, halafu simu ya mpokeaji nikaiandika kwa makapeni kwenye ubao wenyewe, pande mbili. Karatasi ikishaingia oili haisomeki.

Gari lilikuwa lori la Fuso linalopeleka dagaa. Dereva aliinama akainusa injini, akauliza, "Bosi, haitaniharibia dagaa?" Mimi nilikuwa naogopa kinyume chake. Tukaiweka mbele kabisa, imeegemea ukuta wa kabini, ikafungwa peke yake kwanza ndipo dagaa wakapangwa. Nauli tulivutana, alitaka kutoza kwa macho, nikamvuta hadi kwenye mzani wa jirani anayenunua vyuma chakavu. Akapunguza, ingawa kwa kununa.

Siku ya nne kaka wa Mbeya akanitumia sauti ya injini inaunguruma, na harufu ya dagaa, anasema, bado haijaisha. Nikamwomba anirudishie fremu. Akacheka: fundi wake ameshaipigilia ubao juu, ndiyo benchi lao la kunywea chai.