Kadi za Kiingereza, wiki ya sita: ule mkia umekatika, karibu wote

Imekubali! Leo asubuhi mtoto wa miaka minne na nusu kasema "cup" akaishia kwenye p. Hakuna u nyuma yake. Nikabaki nimeinua kadi kama niliyepigwa bumbuwazi, nikamwomba arudie. Karudia.

Kwa msiojua nilipokuwa nimekwama: nawafundisha watoto wadogo Kiingereza kwa kadi za picha, na neno likiishia na konsonanti wanalibandika irabu mwishoni. Huo ndio mkia. Seti ya kwanza niliijaza cup, bus, pen, bag na shirt kwa makusudi, kwa sababu watoto wanatoka nazo nyumbani: basi, peni, begi, shati. Nilidhani nimepata njia ya mkato. Kumbe nimewapakulia kosa likiwa limeshaiva. Nikiinua picha ya kikombe, darasa zima "kapuuu!", na binti mmoja akanyanyuka akaniletea kapu la midoli kutoka kona. Nimlaumu kwa lipi? Kapu limetajwa, kapu limeletwa.

Wiki mbili nzima nimepambana na hiyo irabu ya mkiani. Ukiisikiliza sana, ina utaratibu wake. Neno likifungwa na midomo linavuta u: supu, tepu, pampu. Likifungwa na ulimi linavuta i: shati, sketi, keki. Hakuna aliyewafundisha, masikio yao ya Kiswahili yanataka silabi imalizike na irabu, basi. Nimewaambia wasimalizie, nimeweka kidole mdomoni, nimechora mstari mwekundu mwisho wa kila neno. Wapi! Mstari mwekundu wameupenda, sasa wanauchora ukutani.

Jumamosi ndipo nilipoumbuka. Nilifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, maneno ya kadi niliyorekodi kwa simu ya kuwasikilizisha watoto, nia yangu ikiwa kuondoa jogoo wa jirani. Nikavuta "cup" ikajaa kioo kizima: nundu nene ya irabu, kimya kifupi, mchomo mwembamba wa p, halafu nyuma yake kinundu kingine kidogo. Nikakichagua hicho peke yake, nikabonyeza. "U." Ni mimi! Miaka yote ya ba be bi bo bu imenifanya nishindwe kuiacha konsonanti peke yake, na ninavyojitahidi kuitamka wazi kwa ajili ya watoto ndivyo ninavyozidi kuivalisha irabu. Katika rekodi 40 nimekata mikia 31. Usiku ule sikulala mapema.

Kwa waliouliza vifaa: Audacity ni ya bure na haijaigomea kompyuta yangu kuukuu. Lamineshen nimeachana nayo, kadi inang'aa mpaka watoto wa upande wa dirishani wanaona mwanga tu, picha hawaioni. Manila na selotepu pana vinatosha. Na ile A ya apple nimeitoa, nimeweka ant, maana sisimizi tunao humu humu darasani bila kuwaalika.

Rekodi zilizokatwa zilisaidia nusu. Nusu nyingine imemalizwa na kopo tupu la maziwa ya unga. Ukianza neno, kopo liko wazi. Ukifika kwenye p, unabana mfuniko, tap! na midomo inafungwa pamoja nao. Hapo hakuna cha kutoka tena. Kila mtoto alitaka zamu yake. Tukabana cup, tukabana bag, hat, bed, tukarudia bag kwa sababu mmoja alisema yeye hakuisikia. Mwalimu wa chumba cha pili akachungulia: "Dada, mmefungua karakana?"

Ule mpango wa kumaliza kadi zote 26 za alfabeti mwezi huu umekufa, niseme ukweli. Niliishia M. Sasa naomba makopo kila nyumba yenye mtoto mchanga.

Ila kopo nalo limeshakutana na mbabe wake: fish. Sh haifungiki, ni hewa inayopita tu. Ukibana mfuniko unaikata katikati, ukiuacha wazi wanarudi kwenye "fishi". Bus nayo vilevile. Nikiwa bado nakuna kichwa, yule yule wa asubuhi akaniambia, "Mwalimu, hii inatoka kama tairi limetoboka," akapuliza mpaka pumzi ikamwishia: fishhhhh. Bila i.

Kesho nikitoka shule napitia kwa fundi baiskeli, nimwombe tyubu mbovu na pampu.