Sasa hapa nipumue saa ngapi?

Leo nimeamka saa nne asubuhi, midomo inauma, kidole gumba cha kulia kina alama ya kile kijichuma cha kushikilia klarineti, na kwenye laptop nina mafaili 17 ya nyimbo mbili tu. Jana usiku tumerekodi. Naandika sasa hivi kabla sijaanza kuedit, maana nikishaanza nitasikia makosa tu na nitasahau ilikuwaje.

Kwa ambao hamjui, tuko wanne. Fluti moja, klarineti mbili, saksafoni teno moja. Oboi na basuni hatuna, kwa hiyo nilipoanza kupanga huu muziki wa magemu niliwaandikia watu nilionao, basi. Fluti ni dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi, klarineti ya kwanza ni mimi, ya pili ni dogo wa miaka 19 ambaye ana masikio mazuri kuliko sisi wote, na teno ni Mzee, amestaafu bendi, kapiga kwenye magwaride tangu mimi sijazaliwa. Sisi tunamwita Mzee na yeye anatuita wanangu, hata mimi mwenye watoto wawili.

Wimbo wa kwanza ni ule wa hatua ya majini kwenye Super Mario Bros., gemu ya 1985, muziki kautunga Koji Kondo wa Japani. Ni walzi, unahesabu tatu tatu, na mimi naujua tangu niko darasa la pili bila kuwahi kushika padi. Kaka zangu walikuwa wanalipia kwa jirani mwenye TV gemu, zile za kanda ya njano ya kuchomeka, na mimi nakaa kwenye mkeka nyuma yao nasubiri zamu ambayo haifiki. Wao wanacheza, mimi nasikiliza. Mpaka leo nikiusikia ule wimbo naona visigino vya kaka yangu mkubwa, vimepasuka na vina vumbi jekundu, vinagonga sakafu moja mbili tatu, moja mbili tatu.

Sasa ukiufungua ule muziki ndani unakuta vitu vichache sana yaani. Gemu nzima ni kilobaiti 40, picha moja uliyotumiwa WhatsApp inaweza kuizidi mara kadhaa. Chipu ya ile mashine ina chaneli tano za sauti, mbili ni za wimbi la mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya kelele (ile shhh wanayofanyia ngoma) na moja ya vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Za kuimba hasa ni zile tatu za mwanzo. Sauti tatu! Na kwa sauti tatu yule bwana kakuwekea bahari nzima.

Halafu kuna jambo ambalo siku nilipolielewa nilishindwa kulala. Wimbi la mraba lina harmoniki (zile sauti za juu zinazojificha ndani ya noti moja) za namba witiri tu, ya 1, ya 3, ya 5, ya 7 na kuendelea, za shufwa hazimo. Na klarineti, kwa kuwa ni bomba lililonyooka na limezibwa upande wa mdomo, ukipiga sauti zake za chini ni zile zile witiri ndizo zinazotawala. Ndio maana ukibonyeza kitufe cha rejista, kile cha kurukia sauti za juu, hairuki oktavu kama fluti, inaipita oktavu mpaka noti ya kumi na mbili ya skeli. Kwa hiyo kile kisauti cha gemu ambacho watu wanasema ni cha kimashine, kina damu moja na hiki kijiti cheusi ninachokilamba kila siku, na mimi nilikuwa nasikia undugu huo tangu mtoto bila kujua jina lake. Mawimbi mawili ya mraba nikayapa klarineti mbili bila hata kufikiria, pembetatu ambayo ndiyo besi nikampa Mzee, fluti ikapewa melodi mara ya pili inapojirudia, ikae juu kabisa kama mwanga kwenye maji.

Niliupanga kwenye MuseScore, programu ya kuandikia noti, kwenye ufunguo wa Fa ili klarineti na teno zote tusome kwenye Sol na Dogo asihangaike na alama nyingi, kompyuta ikanipigia wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, safi, nikaprinti. Jumamosi ya kwanza ya mazoezi Mzee akavaa miwani, akaipitia karatasi yake kimya kimya, akafika chini, akarudi juu, akaniangalia.

"Mwanangu, kazi nzuri hii. Sasa hapa nipumue saa ngapi?"

Nilikuwa nimemwandikia baa 32 bila kimya hata kimoja. Kwenye ile chipu wimbi la pembetatu halina hata sauti kubwa na ndogo, ni kuwaka na kuzima, linaweza kuwaka mpaka kesho. Na kompyuta nayo haina kifua. Mimi mwenyewe napuliza, nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote, lakini ukikaa mbele ya skrini usiku unaanza kuandika kama vile mapafu hayapo.

Nikachukua karatasi zote nikarudi nazo nyumbani. Wiki nzima nilikuwa nafanya kazi hiyo moja tu, kutafuta pa kupumulia. Ukiweka pumzi mwisho wa kila sentensi ya muziki, wote wanne wanavuta hewa pamoja na wimbo unakatika vipande vipande. Nikamaliza kwa kuigawa besi, Mzee apige pigo la kwanza kwenye baa hii, Dogo ashuke kwenye sauti zake za chini kabisa apige la baa inayofuata, wapokezane kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Ukisikiliza huwezi kujua kwamba ni watu wawili. Na zile pigo la pili na la tatu nikazipa fupi fupi ili kila mmoja apate nusu ya pumzi katikati. Mzee alipoiona mara ya pili akatoa penseli mfukoni akaweka koma zake mwenyewe, tatu tu, akasema haya, sasa ni ya binadamu.

Kurekodi tulifanyia sebuleni kwangu Tabata, kuanzia saa tano usiku. Mchana haiwezekani, wale kunguru wa shingo ya kijivu hawakuachii hata sekunde kumi, na bajaji, na jirani anachomelea mageti. Tumesimamisha magodoro mawili dirishani, mablanketi mlangoni, feni imezimwa, watu wanne kwenye chumba kimoja, mnaweza kufikiria lile joto. Na joto lina mambo yake, hewa ikipata moto vyombo vya kupuliza vinapanda sauti. Tulianza kutyuni kwenye 440 (mitetemo ya noti ya La kwa sekunde, kipimo cha kawaida) tukakuta wote tumeshaipita, nikavuta klarineti yangu pale shingoni, ikashuka kidogo, baada ya dakika kumi imepanda tena. Mwisho dada wa fluti akasema jamani hakuna piano humu ndani, tunamfuata nani? Kweli. Tukakubaliana 443, Mzee akasukuma mdomo wa teno ndani kidogo, tukaendelea.

Maiki niliziweka juu, kama urefu wa mkono kutoka kwetu, zinaangalia chini kwenye vidole. Watu wengi wanaweka kwenye tundu la mbele kama tarumbeta, lakini kwa klarineti sauti inatoka kwenye matundu yaliyofunguliwa mwilini, pale mbele inatoka ile noti ya chini kabisa tu. Nilijifunza kwa kuharibu rekodi mbili mwaka jana.

Walzi tuliipata mara ya sita. Mwisho wake ulinisumbua, maana muziki wa gemu hauna mwisho, unazunguka mpaka mchezaji avuke au afe. Nimeacha klarineti zikomee, fluti ibaki peke yake na nusu ya sentensi, halafu inaacha. Naipenda hivyo.

Wimbo wa pili ndio ambao haujakwisha. Ni Baba Yetu, wa gemu ya Civilization IV ya 2005, kautunga Mmarekani Christopher Tin, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Sala ya Bwana kwa Kiswahili, kwenye gemu ya kompyuta ya Wamarekani. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa chuo, kwenye kompyuta ya mwenzangu wa hosteli, nikasimama katikati ya chumba na ndoo ya maji mkononi.

Huu shida yake ni kinyume cha ule wa Mario. Umeandikwa kwa watu wanaoimba, pumzi ziko tayari ndani ya maneno, sasa ukiuhamishia kwenye vyombo maneno yanaondoka na unabaki na noti ambazo hazijui zinasema nini. Kwa hiyo niliandika maneno kwa mkono chini ya noti kwenye karatasi zote nne, kila silabi na noti yake, kila mtu aupige huku anausema moyoni ili ulimi uguse ridi, kile kipande chembamba kinachotetema mdomoni, pale silabi inapoanza. Na ilifanya kazi vizuri sana, isipokuwa sehemu moja. Pale "utupe leo chakula chetu", ambapo nimewaweka wote wanne waende pamoja kama kwaya, teno ilikuwa inatoka laini na sisi wengine wakavu. Tumerudia mara nne, tano, sita. Dogo akadhani ni ridi ya Mzee imechoka. Tukabadilisha ridi. Vile vile.

Ikabidi nimuulize. "Mzee, hapo unasema nini moyoni?"

Akasema, "Utupe leo riziki yetu. Si ndiyo sala?"

Yeye ni Mlutheri, ndivyo alivyoisema toka utotoni, macho yanasoma chakula lakini ulimi unajua riziki. Dogo ni Mkatoliki, akasema kwao ni mkate wetu wa kila siku, tukajaribu kuuingiza, hauingii, silabi zinamwagika. Mimi ni wa madrasa, hiyo sala nimeisikia paredi shuleni miaka yote ila sikuwahi kuitamka, kwa hiyo mimi nilifuata karatasi. Lakini hesabuni, cha-ku-la che-tu, ri-zi-ki ye-tu. Tano kwa tano, na mkazo unaangukia pale pale. Kinachotofautiana ni ulimi tu. Ch inagonga, r inapita. Mzee alikuwa anaigusa ridi kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

Ilikuwa saa nane na nusu usiku, tumechoka, dada wa fluti ana vipindi asubuhi. Tukaachia hapo.

Asubuhi hii nimevaa hedifoni nikasikiliza zile sita zote, nikafuata teno peke yake. Halafu nikachukua raba nikafuta "chakula chetu" kwenye karatasi yangu, ya Dogo na ya dada, nikaandika "riziki yetu" kwa penseli. Ya Mzee nikaibadilisha pia, isije ikamchanganya. Alhamisi tunarudia kuanzia baa ya 33, saa ile ile, Mzee kasema kahawa ataleta yeye.